Chimba muhogo kabla mvua haijarudisha majani

Watu wengi huniuliza kwa nini muhogo waliochimba Aprili una maji, wakati ule wa Agosti ulikuwa na unga mpaka unapasuka chunguni, ilhali shamba ni lilelile na mbegu ni ileile. Jibu langu huwa ni kwamba waangalie majani kwanza. Wanga wote unaoukuta kwenye mzizi ulianza kama sukari kwenye jani, na mmea wenyewe ndio unaoamua lini uiweke sukari hiyo akiba na lini uichukue tena. Nalima muhogo upande wa Mkuranga, mwingine nauza mbichi, mwingine naukausha makopa, na karibu kila ninachokishauri hapa kinatokana na jambo hilo.

Mchana, jani likipata jua, linatengeneza sukari. Sehemu yake inabaki humo humo jani na kugeuzwa wanga wa muda, nyingine inasafiri ikiwa sukrosi, ambayo ndiyo sukari tunayotia kwenye chai, kupitia mirija ya gome hadi mizizini. Usiku jani linaumeng'enya ule wanga wa mchana ili liishi na liendelee kupeleka chakula chini. Mimea ina hesabu kali hapa. Watafiti wa John Innes, kituo cha utafiti wa mimea kule Norwich, Uingereza, walieleza mwaka 2013 jinsi mmea mdogo uitwao Arabidopsis unavyogawa akiba yake ya usiku kulingana na saa zilizobaki kufika alfajiri. Hata giza likiletwa mapema kuliko kawaida, mmea unapunguza kasi ya matumizi ili wanga usiishe kabla ya kucha.

Mzizini, sukrosi inakatwa na kupita hatua kadhaa mpaka inakutana na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ndani ya seli, kinachoitwa AGPase. Hicho ndicho bawabu wa ghala. Sukari inapofika kwa wingi kinachangamka na kuipitisha iende ikawe wanga, na sukari inapopungua kinapunguza kasi. Baada yake vimeng'enya vingine vinaunga glukosi moja baada ya nyingine kuwa minyororo mirefu, amilosi na amilopektini, inayopangwa kwenye chembe ngumu nyeupe. Mmea una sababu ya kujisumbua hivyo: sukari ikijaa ndani ya seli inavuta maji, lakini wanga hauyeyuki, kwa hiyo unaweza kurundikwa kwa wingi bila seli kuvimba. Ukitaka kuona kazi ya AGPase, tazama yale mahindi matamu sana ya kuchemsha ambayo punje yake ikikauka inanywea na kukunjamana. Mengi ya aina hiyo kimeng'enya hiki kimeharibika kwenye punje, kwa hiyo sukari imebaki sukari.

Sasa turudi shambani. Kosa linalowagharimu wakulima wa Pwani kuliko mengine yote ni kuchimba mvua ikishakolea. Wakati wa kiangazi muhogo unapukutisha majani mengi, unatulia, na wanga uliowekwa unabaki mzizini. Mvua ikianza, mmea unataka majani mapya, na majani machanga hayawezi kujilisha. Basi unafungua akiba. Wanga unamegwa kuwa sukari, sukari inapanda juu, na mzizi unanyonya maji. Ukichimba wiki chache baada ya machipukizi kutoka, utapata mzizi mkubwa machoni, mzito mkononi, lakini ukiukata unatoa maji na ukiuchemsha unabaki mgumu katikati. Mwenye haja ya kusubiri asubiri kweli, mpaka majani yakomae na yaanze tena kupeleka sukari chini. Mimi napanda vuli na kuchimba kiangazi kinachofuata, kati ya Agosti na Septemba, muhogo ukiwa na miezi tisa au kumi. Faida nyingine ni jua la kuanikia makopa. Kwa anayeuza kwa wenye viwanda vya wanga, msimu huo ndio wa kufanya nao makubaliano.

Kwa sababu hiyo hiyo, usikate miti ya mbegu mapema halafu ukaiacha mizizi ardhini. Najua kuna wanaokata shina wiki mbili au tatu kabla ya kuchimba ili muhogo usiharibike haraka baada ya kuvunwa, na ni kweli inasaidia kwa hilo. Lakini shina lililokatwa linachipua, na linachipua kwa kula wanga wako. Kwa muhogo wa kusafirisha mbichi mbali naikubali njia hiyo. Kwa unga na wanga, kata na uchimbe siku hiyo hiyo.

Kisamvu nacho kina gharama yake. Nakipenda na nyumbani kwangu hakikosi, ila nimetenga mistari ya pembeni kwa ajili ya mboga na katikati ya shamba hauguswi mti. Kila jani unalochuma ni sukari isiyotengenezwa, na mmea utalirudisha jani hilo kwanza kabla haujafikiria mzizi. Batobato, ugonjwa unaoharibu majani ya muhogo, inafanya uharibifu wa namna hiyo bila wewe kula chochote, kwa hiyo anza na mbegu safi. Kivuli cha mikorosho pia kinakunyima wanga: mti unarefuka kutafuta jua, mizizi inabaki myembamba.

Kuhusu mbolea, punguza hamu ya kuona majani meusi ya kijani. Nitrojeni nyingi inajenga majani na miti. Kinachosahaulika ni potasiamu, ambayo muhogo unaitoa kwa wingi ardhini, na mchanga wetu huku hauna ya ziada. Potasiamu inasaidia sukari kuingia kwenye mirija na kusafiri, na kile kimeng'enya kinachounga glukosi kuwa wanga kinaihitaji ili kifanye kazi vizuri. Majivu ya jikoni yana potasiamu. Yasambaze kuzunguka shina, usiyarundike sehemu moja.

Kabla ya kuchimba shamba zima, pima. Ng'oa mashina machache ya sehemu tofauti, osha mizizi, iweke kwenye kapu la wavu na uipime kilo 3 kwenye mizani ya kuning'iniza. Kisha zamisha kapu lote kwenye pipa la maji likiwa bado limening'inia, bila kugusa kitako wala ubavu, usome tena. (Uzito wa kapu tupu uutoe mara zote mbili, hewani na majini.) Wanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo mzizi wenye wanga mwingi unabaki na uzito zaidi ukiwa majini. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo viwili, zidisha kwa 158.3, toa 142: unapata asilimia ya kikavu, yaani kinachobaki mzizini maji yote yakitoka. Kilo 3 zikisoma gramu 300 majini, kikavu ni karibu asilimia 34. Zikisoma gramu 200, hakifiki 28. Kwa macho mizizi hiyo inaweza kufanana kabisa, lakini kwenye tani moja ya muhogo tofauti hiyo ni zaidi ya kilo 60 za kikavu. Nashauri sana upime mbele ya mnunuzi, maana bei inajadiliwa vizuri zaidi namba ikiwa mezani.

Ukishang'oa, muda unakimbia. Ndani ya siku moja hadi tatu mzizi unaanza michirizi ya buluu na kahawia ndani, na wanga nao unaanza kupungua. Chimba kiasi unachoweza kumenya na kukata siku hiyo. Kama aina yako ni chungu, fuata hatua zote za kuloweka au kuvundika na kukausha bila kuruka hata moja, kwani sumu ya sianidi haiondoki kwa mzizi kuwa na wanga mwingi. Vipande vya makopa viwe vyembamba, uvianike juu ya kichanja asubuhi mapema, ili jioni viwe vimeshapoteza maji mengi kabla ya umande.