Asubuhi ulijipaka nini?

Wadogo zangu mnaoanza kuchunguza mabaki ya mafuta kwenye vyungu vya kale, kabla hamjagusa mashine, nendeni mkanawe mikono. Siwatanii.

Mwaka wangu wa kwanza katika maabara hapa Kampala nilipewa kigae cha chungu kidogo, aina inayodhaniwa kuwa ilitunzia mafuta ya kujipaka. Nikakishika kwa mikono mitupu nikikipiga picha, glavu nikazikumbuka baadaye. Kisha nikakitoboa kwa drili kupata unga wa kupima, bila kukwangua uso kwanza. Mashine, ambayo hutenganisha kemikali na kuzichora kama vilele kwenye grafu, ikatoa kilele kirefu cha asidi ya oleiki, steariki ikifuata, palmitiki kidogo tu; zote tatu ni asidi za mafuta. Nikashangilia: moo yaa, mafuta ya shea ya kule kaskazini! Mkuu wangu akaitazama grafu, akauliza, "Asubuhi ulijipaka nini?"

Nilijipaka moo yaa. Kiangazi kilikuwa kimenikausha viganja.

Oleiki haidumu sana udongoni kwa sababu oksijeni huila, na kinachobaki kwenye vinyweleo vya chungu huwa hasa palmitiki na steariki. Kigae cha kale kikijaa oleiki, shuku. Pembeni ya kilele changu kulikuwa na skwaleni, ambayo imo kwenye mafuta ya ngozi ya binadamu na huharibika upesi. Ukiiona, mara nyingi kuna mtu aliyeshika juzi.

Mwaka 2003, huko Southwark, London, walifukua kopo la bati la Kirumi likiwa bado na krimu ndani, na alama za vidole vya aliyeitumia. Uchunguzi uliotoka 2004 ulikuta mafuta ya mnyama, wanga na oksidi ya bati. Huo ndio ushahidi wa vidole tunaoutafuta sisi.

Adui mwingine ni kaveera, mfuko wa plastiki. Plastiki hutoa thaleti, kemikali za kuilainisha, nazo hupanda kwenye grafu kama wageni wasioalikwa. Funga kigae kwa karatasi ya foili, na uwaombe wachimbaji wasikisugue kwa sabuni. Waombe pia udongo uliokizunguka, ili ujue kilichotoka chunguni na kilichotoka shimoni. Kwangua uso, tupa unga wa kwanza, ndipo uchukue gramu 2 hivi za unga wa ndani. Kila mara pitisha sampuli tupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia mafuta peke yake, hatua zote. Ikitoa vilele vilevile, anza upya.

Sasa shida ya Uganda yenyewe, ambayo vitabu vya Ulaya huipita. Kule, steariki nyingi husomwa kuwa mafuta ya mnyama acheuaye. Lakini shea nayo ina steariki nyingi, na oleiki yake ikishaoza udongoni, mabaki yake huweza kudhaniwa kuwa ya samli ya Ankole, kusini-magharibi. Hapo omba kipimo cha isotopu za kaboni, yaani aina zake nyepesi na nzito. Ng'ombe aliyekula nyasi za kitropiki huacha kaboni-13, ile nzito, nyingi kuliko mti wa shea. Na kabla ya hapo, tia kwenye mashine shea safi kutoka Lira na samli kutoka Mbarara, uone vilele vyake kwa macho yako. Chupa zangu mbili ziko kwenye friji ya maabara, zina lebo. Mtu aliwahi kuchota ile ya samli akala na chapati.