Mabati yakishasimama ufukweni mmechelewa, pambaneni na muswada

Kila mara napata meseji ile ile, "wamezungushia mabati ufukweni kwetu, tufanyeje?" Nawajibu ukweli hata kama unauma: mabati yakishasimama kibali kilishatoka, hela imeshaingia, na kibali chenyewe pengine kimetokana na sheria iliyorekebishwa kitambo na hakuna mtu wenu aliyeenda kutoa maoni. Sisi yalitukuta hayohayo. Hoteli ya kwanza tuliipinga kwa nguvu zote, tukakusanya saini, tukaandamana, mwisho tukawekewa makaratasi mezani, kila kitu kiko sawa kisheria. Niliumia sana siku ile manake ilikuwa kweli, sheria ilibadilishwa sisi tukiwa tumelala.

Na msitegemee kwamba mahakama itaubomoa ukuta baadaye. Kule Hispania kuna hoteli ya Algarrobico, vyumba 411, imejengwa ndani ya hifadhi ya Cabo de Gata, mahakama ilisimamisha ujenzi 2006 na jengo limeendelea kusimama pale tupu miaka na miaka huku kesi zikizunguka.

Sasa muswada wa pili ulipokuja ndo tukajifunza kusoma. Rasimu ilisema mita za kutojenga kando ya bahari zinabaki vilevile, tukafurahi, tukataka hata kuandika pongezi. Kuna mzee mmoja kwenye grupu letu, amevua maisha yake yote, akauliza: hizo mita zinaanza kuhesabiwa wapi? Kimya. Tukarudi kwenye kifungu cha tafsiri, kinachoeleza maana ya maneno ya sheria, kule mwanzo ambako watu huwa wanaruka, tukakuta palipoandikwa "maji kujaa ya juu kabisa" sasa pameandikwa "wastani wa maji kujaa". Maneno mawili matatu tu yamebadilika.

Yule mzee akatupeleka ufukweni siku ya bamvua, maji yanapojaa juu sana, tukachomeka kijiti pale maji yalipogota, tukarudi wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, tukachomeka kingine maji yalipojaa. Kati ya vijiti ni hatua zangu 19. Ufukwe wetu umelala, hauna mteremko mkali, kwahiyo maji yakipungua kidogo tu mstari unakimbia mbali, na mstari mpya wa kuanzia kupimia ungeangukia katikati pale, yaani nyumba zingesogea kuelekea baharini bila mtu kugusa hata mita moja kwenye sheria.

Tuliandika ukurasa mmoja. Namba ya kifungu, maneno yaliyotolewa, maneno tunayotaka yarudi, na picha ya vijiti viwili. Wenzetu wengine walipeleka kurasa 14 kuhusu uzuri wa bahari na sidhani kama kuna aliyezimaliza. Kwenye kikao cha kupokea maoni mjumbe mmoja aliishika ile picha muda mrefu, akaanza kuuliza maswali, na maneno ya zamani yakarudi. Ila tulishindwa kwenye kile kifungu cha "isipokuwa pale waziri atakapoona inafaa", tuliomba angalau sababu zichapishwe hadharani kabla ya kibali kutoka, wakakataa, na mpaka leo kinanikosesha usingizi. Kwahiyo mkisoma muswada wowote tafuteni tafsiri, tafuteni "isipokuwa", halafu angalieni muda wa vibali. Hispania sheria yao ya pwani ya 1988 iliweka mita 100 za kutojenga, marekebisho ya 2013 yakaruhusu zishuke hadi 20 kwenye baadhi ya makazi na muda wa kukalia eneo la pwani kwa kibali ukapanda kutoka miaka 30 hadi 75. India nao 2019, vijiji vya pwani vyenye watu wengi, mita 200 zikawa 50.

Mtaambiwa mnapinga ajira. Mimi hapo huwa naongelea mchanga, manake ufukwe ukiisha hata mgeni haji. Mawimbi ya dhoruba yanachota mchanga yanauweka chini ya maji mbele kidogo, bahari ikitulia unarudi wenyewe taratibu. Ukijenga ukuta pale wimbi linagonga, linarudi na nguvu, linachimba mchanga wa mbele ya ukuta, na jirani wa pembeni anaanza kuliwa wake na yeye anajenga ukuta, hivyohivyo mpaka mwisho wa ufukwe. Hii mwambieni mjumbe yeyote, ataelewa.

Na sheria inaweza kubadilishwa kwa faida yenu pia, msikae kusubiri muswada wa watu wengine. California wananchi walipiga kura wenyewe 1972 kuunda tume ya kusimamia pwani, miaka minne baadaye ikawa sheria ya kudumu.

Mkitaka kuanza, anzeni na vijiti. Bamvua linakuja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu ni katikati yake, karibu wiki moja baadaye. Pigeni picha kijiti kikiwa na kitu kisichohama nyuma yake, mti mkubwa au kona ya jengo, andikeni tarehe na saa hapohapo, na aliyepiga abaki na picha orijino kwenye simu yake, asitume tu kwenye grupu akafuta. Sisi moja ilipotea hivyo na tulikosa kitu cha kuonyesha walipotuuliza ya mwaka wa nyuma.