Rangi za Vim: iambie kwanza kama uko kwenye usuli mweusi au mweupe

Mkuu, umesema kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) nyeusi maoni, yaani maelezo unayoyaandika ndani ya msimbo wako, hayasomeki, ukigeuza iwe nyeupe maneno mengine ndiyo yanafifia, na sasa unatafuta seti ya rangi itakayofaa kote. Kabla hujapakua chochote, hakikisha Vim, programu unayohariria msimbo, inajua iko juu ya usuli gani. Mimi nilihangaika miezi kadhaa nikibadilisha seti za rangi kama nguo, kumbe tatizo lilikuwa mstari mmoja.

Ndani ya Vim andika `:set background?`. Ikijibu light na skrini yako ni nyeusi, umeshampata mchawi. Kwangu ilibashiri vibaya nilipokuwa ndani ya tmux, programu ya kugawa terminali moja kuwa kadhaa. Na uelewe kwamba `:set background=dark` haipaki weusi wowote. Inaiarifu Vim tu kwamba unapoandikia ni peusi, ili ichague rangi zinazoendana.

Rangi zake za asili kwa maoni ni bluu iliyokoza kwenye usuli mweupe. Ikidhani uko huko, inakumwagia bluu hiyo juu ya weusi. Kipimo cha WCAG cha utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na usuli, kinachotumika kwa kurasa za wavuti ili zisomeke na watu wote, kinataka maandishi ya kawaida yafikie angalau 4.5 kwa 1. Bluu #000080 juu ya weusi kamili inapata kama 1.3, juu ya weupe inapata 16. Njano #FFFF00 ni kinyume: zaidi ya 19 juu ya weusi, 1.07 juu ya weupe. Kijivu #767676 kinapita kote kwa shida, 4.5 na ushee, lakini nani anataka faili zima la kijivu? Kwa hiyo acha kutafuta rangi moja ya kufaa pande zote, weka mbili.

Hapa ndipo wengi tunakwama. Unaandika `highlight Comment` (amri ya kupanga rangi ya maoni) kwenye .vimrc, faili la mipangilio ya Vim, halafu mstari wa `colorscheme`, unaopakia seti ya rangi, unakuja chini yake na kufuta kila kitu. Mimi nimeweka hivi, juu ya mstari huo:

`autocmd ColorScheme * if &background ==# 'dark' | highlight Comment ctermfg=247 guifg=#9e9e9e | else | highlight Comment ctermfg=240 guifg=#585858 | endif`

Kila seti ya rangi inapopakiwa, rangi zangu zinarudi juu yake. Nimegusa Comment (maoni), Search (maneno yaliyotafutwa) na Visual (sehemu uliyoichagua) tu, mengine nimeyaacha.

Seti yenyewe iwe na sura zote mbili. Solarized ya Ethan Schoonover, ya 2011, ilibuniwa hivyo: rangi 16, nane za kukolezea zinabaki zilezile, zinazopinduka ni za usuli na maandishi. Naipenda, ila maoni yake kwenye weusi yamefifia mno kwa macho yangu, ndiyo maana bado natumia mstari ule wa juu.

Kama .vimrc ileile inaonekana tofauti kwenye mashine mbili, usiilaumu Vim. Rangi 16 za mwanzo huamuliwa na terminali. Kama terminali yako inakubali rangi kamili (mamilioni, si 256 tu), washa `set termguicolors` na Vim itafuata guifg (rangi zenye alama ya #) badala ya ctermfg (rangi za namba).

Ukimaliza, fungua faili refu lenye maoni mengi, tafuta neno linalojirudia, kisha kaa karibu na dirisha mchana. Jaribio hilo ndilo lililonifanya niongeze mwanga kwenye Search.