Mwanangu, watu wanakutafuta kwa lipi?

Mwanangu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka Ujiji. Sisi ni wazima, na bibi yako anauliza kila siku kama unakula. Ujumbe wako nimeusoma. Umesema kampuni imepunguza watu na wewe umo, kisha ukaniuliza: "Mama, watengeneza programu tumejaa Dar nzima, na sasa akili mnemba inaandika programu usiku na mchana. Mimi nina nini ambacho wenzangu hawana?" Swali hilo si la kujibu kwa simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Tuanze na yasiyosubiri. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa aliyefanya kazi mwaka na zaidi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10, mbali na notisi na likizo ambazo hukuzichukua. Dai na hati ya utumishi. Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usijifungie na uchungu mpaka siku zikapita.

Na baba, usijihukumu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza habari hizi, Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, walipotangaza kupunguza watu zaidi ya 11,000, na Januari 2023 Google wakatangaza 12,000. Ulisema waliajiri kwa pupa wakati wa corona, kisha riba ikapanda Marekani na fedha za kampuni changa zikakauka mpaka huku kwetu. Ulinieleza vizuri sana siku ile. Sasa jieleze na wewe.

Nirudi kwenye swali lako. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mimi muuza dagaa nikawa sina dagaa. Lakini simu hazikukatika. Wateja wangu wa Tabora na Dar walikuwa wananipigia: "Mama Hamisi, dagaa basi, tuangalizie mawese yasiyochanganywa." Mawese sikuwahi kuyauza. Nikaenda Simbo, kwa kila mkamuaji nikaomba kikaango, nikakipasha na kudondoshea tone. Mafuta yenye maji hurukaruka na kupiga kelele, yaliyo safi hutulia. Nikajaza madumu nikatuma, na wakaagiza tena.

Ndipo nikajua walichokuwa wakinunua kwangu miaka yote. Wauza dagaa Kigoma hii tumejaa. Wao walikuwa wananunua jicho langu, na uhakika kwamba sitawapelekea dagaa walioanikwa mchangani nikawaambia ni wa kwenye chanja. Mzigo ulipoisha, hicho hakikuisha.

Kwa hiyo acha kujiuliza una cheo gani au unajua lugha ngapi za kompyuta. Jiulize watu walikuwa wanakutafuta kwa lipi hata pale ambapo halikuwa jukumu lako.

Mimi moja nalijua kwa sababu nililiona. Ulipokuja likizo ulinifuata mwaloni Kibirizi alfajiri, boti zimeingia, kila mtu anatuma hela kwa wakati mmoja na mtandao umelemewa. Muuzaji ameshika beseni kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, na haachii beseni mpaka meseji iingie. Mnunuzi akiona kimya anabonyeza tena, hela inaondoka mara mbili, ugomvi unaanza. Wewe hukusema kitu. Ulisimama pale mpaka jua likawaka, ukawauliza akina mama mmoja mmoja, "Ulipobonyeza mara ya pili uliwaza nini?" Uliporudi Dar mkabadilisha programu yenu ya malipo ikawa inamwambia mtu kwamba malipo yanashughulikiwa, asilipe tena, na inakataa malipo yaleyale yakirudiwa papo hapo. Ukaniambia ni kazi ndogo, mistari michache tu.

Haikuwa ndogo. Mistari hiyo wenzako wangeiandika, na hiyo akili mnemba ingeiandika pia, ila baada ya mtu kuiambia iandike nini. Nani angeiambia? Ni wewe unayejua mtu wa mwaloni anaogopa nini anapolipa kwa hela asiyoiona. Umekulia humo, na kompyuta ukaisomea. Walio na moja kati ya hayo ni wengi. Wenye yote mawili ni wachache mno, na wanaowahitaji wapo: mabenki, SACCOS, wanaowalipa wakulima wa tumbaku huko Tabora kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika.

Najua sasa kila mtu atakwambia ukasome kozi mpya. Mimi nasema kozi isubiri. Kwanza watafute watatu au wanne mliofanya kazi pamoja, wakiwemo wa huduma kwa wateja, maana hao ndio wanaosikia kilio cha watu. Usiwaulize wanakuonaje, watakusifu tu kwa kukuonea huruma. Waulize: "Mlikuwa mnakwama wapi mpaka mnanipigia mimi?" Wanayosema yaandike kwa maneno yao. Jibu likijirudia kwa wawili ambao hawajaonana, hilo ndilo la kuweka juu kabisa kwenye wasifu wako. Lieleze kama nilivyolieleza la Kibirizi: nani alikuwa anaumia, wewe uliona nini, ukafanya nini, kikabadilika nini. Ile "miaka mitano ya uzoefu" ishushe chini, kila mtu anayo.

Wala usirudi nyumbani kwa aibu. Ukitaka kuja, njoo, chumba chako kipo, lakini wasifu uandike kwanza ukiwa bado una hao watu karibu. Ukimaliza nitumie niusome. Pale nisipoelewa nitakupigia mstari, na wewe uandike upya.

Mama yako