Wasomaji Wanauliza: Highlander Inarudi, Tusubiri Nini?

Toka ijulikane kwamba Highlander inatengenezwa upya maswali yamemiminika kweli, mengi ya watu wa zama za kanda za VHS, ila na vijana wapo, wale waliomjua Henry Cavill kwenye Superman na The Witcher na sasa wanataka kuelewa hii muvi ya mwaka 1986 ina nini mpaka watu wazima wanaisubiri hivi. Kwa ambaye hajaiona, kwa kifupi: Connor MacLeod ni kijana wa milimani huko Uskoti, mwaka 1536 anachomwa upanga vitani, watu wa ukoo wake wanajua ndo basi tena, kesho yake yuko mzima, wanamfukuza wakidhani ni shetani. Kumbe yeye ni mmoja wa watu wasiokufa mpaka wakatwe kichwa, na wanawindana karne kwa karne kwa mapanga kwasababu anayemkata mwenzake anachukua nguvu zake zote kwa radi, na mwisho atabaki mmoja tu. Haya, twende kwenye barua.

Shikamoo anko. Habari za Highlander mpya mi nazisikia toka nipo sekondari, leo nina watoto wawili. Kila mwaka inakuja inakuja, haiji. Safari hii ni kweli au ndo yaleyale? (Msomaji, Arusha)

Marahaba mwanangu. Safari hii ni kweli, na una haki ya kuchoka. Mpango ulitangazwa 2008, akapewa Justin Lin yule wa Fast & Furious, akatoka, akaja Juan Carlos Fresnadillo, akatoka, Ryan Reynolds alishatajwa kuwa steringi mwaka 2012 na mwaka uliofuata akajitoa, akaja Cedric Nicolas-Troyan, naye hakufika popote. Chad Stahelski kakabidhiwa 2016 na huyu ndo hajaiachia mpaka leo. Cavill alitajwa 2021, mradi ukahama studio ukaenda Amazon MGM, na walipokaribia kuanza Cavill akaumia mazoezini 2025 kazi ikasogezwa mpaka 2026. Kwahiyo ukisikia mtu anasema hawa jamaa hawako siriasi mwambie dairekta amekaa na hii picha miaka kumi na hajaikimbia, wenzake wote waliikimbia.

Mambo vipi mhariri? Mimi kwangu hakuna Highlander bila Christopher Lambert, yale macho yake tu yalitosha. Huyu Cavill ni kifua kitupu, ataziweza zile vita za upanga? (Msomaji, Mombasa)

Poa kaka, na hapo kwenye macho umegusa kitu wengi hawakijui. Lambert ana tatizo kubwa la kuona mbali, bila miwani haoni vizuri, na lenzi za machoni alikuwa hawezi kuvaa, sasa sini za mapanga huwezi kucheza na miwani, kwahiyo yule bwana alipigana karibu muvi nzima anaona ukungu tu mbele yake. Ule mtazamo wa mtu anayeangalia kitu kilichoko mbali sana, ambao ulitufanya tuamini huyu kaishi miaka 450, kwa sehemu unatoka hapo. Mi namheshimu sana kwa hilo, maana mwenzake Clancy Brown aliyecheza Kurgan, adui mkubwa wa Connor, ni jitu, na anakuja na upanga mrefu wa mikono miwili na wewe humuoni vizuri.

Aliyewafundisha ni Bob Anderson, Mwingereza aliyeshindana upanga kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 na ndo huyohuyo aliyekuwa ndani ya mavazi ya Darth Vader kwenye vita za upanga za Star Wars ya pili na ya tatu. Zile cheche unazoziona mapanga yakigongana hazikuwekwa na kompyuta, waliyafungia waya za betri, chuma kikigusa chuma moto unaruka. Ndo mana ukiangalia leo bado zinakushtua.

Sasa kwa Cavill mi sina wasiwasi na kifua chake wala mkono wake. Kwenye The Witcher alizicheza sini zake za upanga mwenyewe, angalia ile vita ya mtaani ya episodi ya kwanza kabisa, kamera haimkimbii na hakuna mtu wa stanti aliyefichwa nyuma ya nywele. Na Stahelski katokea kwenye stanti, ndo alikuwa anamchezea Keanu Reeves sehemu za hatari kwenye The Matrix kabla hajamtengenezea John Wick. Hapa ndo na mimi nina neno. John Wick ni mbio, ngumi ishirini kwa pumzi moja, na Highlander sio hivyo. Ile vita ya Ramirez, mwalimu wa Connor aliyechezwa na Sean Connery, na Kurgan kwenye mnara, mvua inanyesha, kila upanga ukikosa mtu unabomoa ukuta, mpaka mwisho wamebaki wanapigana kwenye ngazi zisizo na nyumba, pale upanga una uzito, mtu akirusha pigo anachoka na wewe unamuona anachoka. Nikipata kitu kimoja tu kwenye vita za muvi mpya niombe hicho, uzito.

Jingine la kukutuliza kaka yangu ni la asili. Kwenye ya zamani Mskoti alichezwa na Lambert aliyekulia Geneva na Kiingereza chake kilikuwa bado cha kuungaunga, alafu Sean Connery, Mskoti kabisa wa Edinburgh, akapewa kuwa Mmisri aliyetokea Hispania. Tulizipenda hivyohivyo. Safari hii Heather, mke wa Connor, ni Karen Gillan ambaye kazaliwa Inverness, yaani milimani kwenyewe, na Kevin McKidd na Drew McIntyre yule wa mieleka wote ni Waskoti. Kurgan ni Dave Bautista, naye wa mieleka, na ukikumbuka muvi ya kwanza inaanzia kwenye ukumbi wa mieleka New York utaona mambo yamekaa mahali pake.

Assalam aleikum. Mume wangu anabisha kwamba anayeimba kwenye ile muvi kazaliwa huku kwetu Unguja. Ni kweli? Na kwanini sehemu ile ya bibi kuzeeka inanitoa machozi kila siku? (Msomaji, Zanzibar)

Waaleikum salaam dada yangu, mwambie shemeji kashinda. Freddie Mercury wa Queen kazaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi waliotokea Gujarat, alipelekwa kusoma India akarudi Unguja, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Toka 2019 kuna makumbusho yake hapohapo Mji Mkongwe, nendeni na watoto. Kwahiyo picha ya milima ya Uskoti, iliyotengenezwa na dairekta wa Australia, Russell Mulcahy, na steringi wa Kifaransa, sauti inayoibeba ni ya mtoto wa Unguja, na mi kila nikiwaambia watu hili nasimama wima.

Queen walialikwa kutazama vipande vya muvi ambayo bado haijakamilika, mpango ulikuwa wimbo mmoja hivi. Walivyotoka pale kila mmoja ana wimbo kichwani. Freddie akaandika Princes of the Universe, na kwenye video yake Lambert mwenyewe anatokea na upanga na Freddie anampokea na stendi ya maiki. Who Wants to Live Forever ni ya Brian May, aliianza kwenye gari akirudi nyumbani kutoka kutazama vile vipande, na kilichomgusa ni hichohicho kinachokutoa wewe machozi.

Maana fikiria sini yenyewe. Ramirez alishamwonya Connor amuache yule mwanamke, kwamba utamzika na itakuvunja, Connor hakusikia, akabaki nae. Wanaishi kamjengo kao, wanafuga, wanachekeshana, wimbo unaenda, na kila picha ikibadilika Heather nywele zinazidi kuwa nyeupe na yule bwana yuko vilevile kama siku ya harusi. Mwisho anamfia mikononi, anachomuomba ni mshumaa kila siku ya kuzaliwa kwake, basi. Anamzika, upanga wake anausimika kaburini, anaondoka. Na karne nne baadae, New York ya 1985, bado anawasha ule mshumaa kanisani. Hakuna kichwa kinachokatwa kwenye dakika hizo na ndo moyo wa muvi nzima, kila aliyewahi kumuuguza mzee au kumsindikiza mwenza anaijua, na Freddie aliyetuimbia nani anataka kuishi milele alifariki Novemba 1991 akiwa na miaka 45 tu. Lia dada, hujakosea kulia.

Niaje boss. Swali moja, mbona kwenye hizi movie mtu mweusi hufa mapema? Kwa hii mpya naona wamemweka Djimon Hounsou, isije ikawa ile ile. (Msomaji, Nairobi)

Fiti sana ndugu yangu. Unamzungumzia Kastagir, rafiki yake Connor, aliyechezwa na Hugh Quarshie, mzaliwa wa Accra Ghana. Ni kweli alikufa na mi iliniuma sana, kwasababu yeye alikutana na Connor kama rafiki, sio kama adui. Wanakutana darajani, wanakumbatiana, wanakunywa, wanakumbushana Boston ya 1783 walivyolewa na Connor akaenda kwenye dueli hawezi hata kusimama, anachomwa anaanguka anaamka tena. Walijua mmoja wao lazima afe na wakachagua kufurahi kwanza. Alistahili muda zaidi ya ule aliopewa, nakuunga mkono moja kwa moja.

Hounsou ni mzaliwa wa Cotonou, Benin, na safari hii anacheza shujaa asiyekufa kutoka Afrika. Na Russell Crowe ndo Ramirez mpya, kwahiyo wale wawili wa Gladiator ya 2000 wako tena kwenye picha moja. Mi ninachotaka ni tumuone kwao, karne zake, vita zake, bara letu lina falme na mapanga ya kutosha kujaza saa nzima. Mtu aliyeishi miaka mia tano Afrika ukimleta akae tu pembeni ya steringi, umepoteza hadithi nzuri kuliko ya steringi.

Mimi niko Muscat, nataka kuziona zote kabla mpya haijatoka. Nianze na ipi? (Msomaji, Oman)

Anza na ya 1986, na utafute ile ndefu ya dakika 116, maana iliyoonyeshwa Marekani walikata ile sehemu ya Vita Kuu ya Pili Connor anapomwokoa binti mdogo Rachel, na bila hiyo huelewi yule mama wa makamo anayefanya nae kazi ni nani kwake. Alafu nenda kwenye tamthilia ya televisheni ya 1992 mpaka 1998 na Adrian Paul, episodi 119, anza nazo taratibu, msimu wa pili na kuendelea ndo tamu. Ile ya pili ya sinema, ya 1991, iruke. Walitueleza kwamba wasiokufa wametoka sayari nyingine, na baadae wenyewe wakaihariri upya wakaiondoa hiyo sayari, sasa we unapoteza usiku wako wa nini.

Muvi ya kwanza ilishaisha, alibaki mmoja tu na akapata zawadi. Sasa wakitaka kutengeneza muvi mbili tatu mpya watafanyaje bila kuharibu kama walivyoharibu mwanzo? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hili ndo swali kubwa mdogo wangu, na ndo shimo walilotumbukia wote waliofuata. Ya 1986 ilifunga mlango, Kurgan kakatwa, Connor kabaki, kapata kuzeeka na kupata watoto kama watu wengine, hadithi imekwisha. Kila muvi iliyokuja ilibidi ivunje mlango huo ili iingie, 1991, 1994, 2000, mpaka ile ya 2007.

Stahelski kaeleza hadharani kwamba yake inaanza Uskoti miaka ya 1500 mwanzoni inakuja mpaka New York na Hong Kong za sasa, inachukua vitu kutoka kwenye tamthilia, na inakuwa ya kuelekea kwenye ule mkusanyiko wa mwisho, pale wasiokufa waliobaki wanapokutana kupigana mpaka abaki mmoja, sio mkusanyiko wenyewe. Jeremy Irons yumo anaongoza Watchers, wale binadamu wa kawaida wanaowafuatilia wasiokufa kwa siri, ambao muvi ya kwanza haikuwa nao kabisa, wametoka kwenye tamthilia. Mpango huu mi naukubali, kwasababu adui wanabaki wengi na mlango unabaki wazi bila kuuvunja.

Ila kuna hatari yake. Wakijua wana muvi mbili tatu mbele wanaweza kumfanya Heather afe kijana ndani ya dakika kumi za mwanzo, auliwe ili Connor apate hasira ya kulipiza, kama muvi mia zingine. Hapana. Heather lazima azeeke, tumuone Karen Gillan na mvi, afe kwa uzee kitandani kwake. Wakitupa hilo, Kurgan na Hong Kong na mapanga yote wapange watakavyo, mi nitakata tiketi siku ya kwanza.