Anatetemeka akiwa kwenye mashine: chunguzeni mpira kabla ya kuongeza dawa za malaria

Pole na kuuguza, mkuu. Umesema mama anaanza kutetemeka muda mfupi baada ya mpira wake, ule uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kuunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu (dayalisisi), akifika nyumbani homa inashuka, nanyi mnaendelea na dawa za malaria ingawa kipimo hakionyeshi kitu. Hiyo saa ya kutetemeka ndiyo inanitia shaka. Baba yangu alikuwa na mpira wa shingoni na hali ilikuwa hivyohivyo: anaingia anatania manesi, damu ikianza kuzunguka tu, meno yanagongana.

Daktari alitueleza kwamba bakteria hujishikiza ndani ya mpira na kujijengea utando ambao dawa haipenyi vizuri. Damu ikipita kwa kasi inawang'oa, na ncha ya mpira iko karibu kabisa na moyo, kwa hiyo wanasambaa mwili mzima. Malaria haifuati ratiba ya dayalisisi.

Mpelekeni leo, msingoje zamu yake ijayo. Ombeni atolewe damu ya kuotesha, yaani ya kuangalia maabara kama kuna bakteria watakaoota, kabla hajachomwa antibayotiki, maana dawa ikitangulia majibu yanaweza kutoka safi na bakteria wamo. Mpira pia huenda ukatolewa. Kwa baba waliota Staphylococcus aureus, bakteria wa kwenye ngozi na puani, ambaye akishaingia kwenye damu anaweza kukaa kwenye vali za moyo au pingili za mgongo. Mama akilalamika mgongo siku za usoni, msiishie kumchua.

Alipowekewa mpira mpya nikawa msumbufu, na sijutii. Ukifunguliwa, nesi na mgonjwa wote wavae barakoa, midomo ya mpira isuguliwe kwa dawa na iachwe ikauke. Kuna mtu wodini alitaka kuutundikia dripu ya kawaida. Nikagoma, na daktari wa figo akaniunga mkono. Kuoga ni kwa kitambaa, plasta isilowe.

Ulizeni pia habari ya fistula, ile ya kuunganisha mishipa mkononi. Hatari ya maambukizi hupungua sana, ila inachukua wiki kadhaa, hata miezi, kukomaa, ndiyo maana inafaa kuanza mapema. Mkono uliochaguliwa usitolewe damu wala kupimwa presha.

Hukusema mpira wa mama uko shingoni au pajani. Wa pajani kwa kawaida huwahi kuambukizwa, kwa hiyo mwambie daktari auhamishe kama inawezekana.