Bumu Halimfuati Mwenye Shida, Linamfuata Mwenye Karatasi

Juzi usiku mdogo wangu mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia hivi kuhusu orodha za waliopata mkopo wa chuo, ile pesa tunayoiita bumu: "Dada shikamoo. Awamu ya kwanza sipo, ya pili sipo. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Sasa wanataka shida gani zaidi ya hii?"

Niliukodolea macho ujumbe ule mpaka simu ikazima taa yenyewe. Ningeweza kuuandika mimi mwaka 2017, tofauti ni darasa tu.

Mwaka ule nilitoka kidato cha sita na divisheni wani ya pointi saba, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), na ninalisema hili bila haya kwa sababu shule nzima tulikuwa wawili. Mtoto wa mjane, mama anazungusha vitenge mtaani, ufaulu ndio huo. Mkopo nisipopata mimi, apate nani? Nikaenda steshenari, nikajaza fomu, nikalipa elfu thelathini ya maombi, nikarudi nyumbani kuchagua begi la kwendea chuo.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Nilidhani mkopo ni zawadi ya kufaulu. Alama zinakupa udahili, basi. Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji, na kwao uhitaji ni kitu kinachoambatishwa: cheti cha kifo cha mzazi, fomu ya ulemavu, uthibitisho kwamba kaya yenu iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, au kwamba kuna taasisi ilikusomesha sekondari. Anayetaka kubebwa na alama atazame Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23 kwa waliong'ara masomo ya sayansi kidato cha sita. Mimi na HGL yangu hata ingekuwepo ningeisikia redioni tu.

Sasa cheti cha kifo cha baba kilikuwa kwa baba mkubwa. Kilikaa kwenye mkoba wake mweusi wa zipu, pamoja na hati ya kiwanja, tangu siku ya arobaini. Mirathi haijaisha, ndilo lilikuwa jibu lake kila mwaka. Mama hakutaka ugomvi na ukoo, mimi nikaona aibu kuomba. Nikaambatisha barua ya mtendaji iliyosema ni kweli baba amefariki. Barua nzuri, ina muhuri wa bluu, ila haikuwa cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo.

Na kama haitoshi, cheti changu cha kuzaliwa kinasema Athumani. Cheti cha kidato cha nne kinasema Athuman. Herufi moja! Niliiona wakati wa kujaza, nikajiambia nani atahangaika na "i". Nikapita.

Majina yakatoka, awamu kwa awamu, nami simo. Dirisha la rufaa likafunguliwa, likafungwa, mimi nimesusa. Ndiyo, nilisusa. Nilijifungia chumbani nikisema nchi hii ni ya wenye watu wao. Mama akakopa kwenye kikoba chake akalipa nusu ya ada, nikaingia chuo na godoro la inchi nne. Niliyepangwa naye chumba, baba yake ana gari, alikuwa na mkopo. Nilimchukia dada wa watu mwaka mzima, na kosa lake ni kwamba alikuwa na karatasi zake zote.

Likizo ndefu ilipofika nilipanda basi hadi kwa baba mkubwa. Nilikaa barazani kwake tangu saa moja asubuhi, chai sikuigusa. Saa nne akatoka na ule mkoba, akaniambia cheti halisi hatoi, ila nakala nikatoe tu pale dukani. Dakika tano. Mwaka mzima mama yangu alilipa riba ya kikoba kwa ajili ya kitu cha dakika tano! Mpaka leo nikimsalimia sauti inakwama kidogo, Mungu anisamehe.

Nikaapa kwa wakili juu ya lile jina, nikahakiki vyeti vyote viwili, nikaomba upya nikiwa mwaka wa pili. Nikapata.

Mngedhani nimejifunza. Bumu la kwanza lilitoka nikiwa msibani kwa bibi. Enzi zile posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, kwa siku sitini ni 510,000. Rafiki alinipigia: rudi usaini. Nikamjibu pesa yangu itanisubiri. Wapi! Niliporudi orodha imeshafungwa, na pesa isiyosainiwa hurudishwa Bodi. Nilikula kwa daftari la mama ntilie, naye kila mchana alilisoma kwa sauti wenzangu wakisikia. Siku hizi posho ni 10,000 kwa siku tangu 2022/23 na watu wanasaini kwa alama ya kidole, lakini kidole nacho lazima kiwepo chuoni.

Kwa hiyo wadogo zangu, nisikilizeni. Someni mwongozo wa mikopo wa mwaka wenu, siyo sauti za kwenye magrupu ya WhatsApp. Hakikini vyeti mapema, RITA kwa wa Bara na ZCSRA kwa wa Zanzibar. Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo, na kama ulirudia mtihani zitaje zote. Linganisheni majina, herufi kwa herufi. Nimesema majina? Narudia, majina. Na ukikosa, kata rufaa, acha kununa.

Halafu mkipata, msijisahau. Huu ni mkopo, na ukifeli ukarudia mwaka, mkopo unasimama. Nawaona mnavyonunua simu bumu likitoka. Mimi leo kila mwezi slipu ya mshahara inanionyesha asilimia 15 ya mshahara wa msingi imekwenda Bodi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2016 ilikuwa asilimia 8. Nafuu ni kwamba ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Sinung'uniki. Ile slipu naitunza kwenye faili, na faili liko kwangu, si kwa mtu.

Yule mdogo wangu nilimuuliza swali moja tu: cheti cha kifo cha baba kiko wapi? Amejibu asubuhi hii kwamba kipo kwa shangazi yake, ila wamegombana tangu Idi. Nimemtumia nauli.